NUKTA NA MSTARI: AMANA YA KARANI WA SIMU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Shinyanga)



Nimepewa heshima ya kusema nanyi jioni hii, nami nimechagua jambo ambalo laonekana dogo, tena la zamani: alama za simu ya waya, yaani zile nukta na mistari ambazo kwazo waliotutangulia katika kazi za ofisi walipelekeana habari toka mji hata mji. Huenda mtu akauliza, "Mambo hayo yatufaa nini, nasi kila mmoja ana simu yake mfukoni?" Nitajaribu kumjibu kabla sijaketi. Neno langu lote ni hili moja: usalama wa habari hautegemei waya wala mtambo peke yake, bali wategemea mkono wa karani, na nukta moja ikipotea katika mkono huo yaweza kumfanya mtu mzima kuwa maiti, na mwenye haki kuwa mdaiwa.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Neno "simu" asili yake ni la Kiajemi, na maana yake ni waya. Wazee waliposema "nimepata simu" hawakuwa na maana ya mazungumzo ya mdomo kama sisi leo, bali karatasi yenye maneno machache yaliyokuja kwa njia ya waya. Ndiyo simu nitakayoisema.

Sasa, waya hauna kinywa. Hauwezi kusema "a" wala "b". Wajua mambo mawili tu: umeme wapita, au umeme haupiti. Akili ya wavumbuzi ilikuwa kuyachukua mambo mawili hayo na kuyafanya kuwa herufi zote. Karani alikuwa na ufunguo mezani. Akiugusa na kuuacha mara moja, upande wa pili ulisikika mlio mfupi, nao ndio nukta. Akiukandamiza kitambo, ulisikika mlio mrefu, nao ndio mstari. Walioizoea kazi hawakuhesabu kwa macho. Walisikiliza kwa masikio, "di" kwa nukta na "da" kwa mstari, kama mtu asikilizavyo lugha.

Vipimo vyake ni hivi. Nukta ni kipimo kimoja, na mstari ni vipimo vitatu. Ndani ya herufi moja, kati ya alama na alama, kuna kimya cha kipimo kimoja. Kati ya herufi na herufi kuna kimya cha vipimo vitatu, na kati ya neno na neno vipimo saba. Angalieni basi jinsi jina la Geita lilivyopigwa:

G: da da di
E: di
I: di di
T: da
A: di da

Mkihesabu milio pamoja na vimya vyake mtapata vipimo 33. Jina la mji wetu wa Shinyanga lina herufi tisa, na hesabu yake ni vipimo 81. Mtu akipenda na ajaribu kwa kugonga meza atakapofika nyumbani.

Nawaomba mshike neno moja hapa, kwa kuwa nitalirudia: kimya nacho ni sehemu ya maneno. Herufi "n" ni da di, na herufi "i" ni di di. Karani akiandika "ni" na kusahau kupumzika kati ya herufi mbili hizo, upande wa pili watasikia da di di di, nayo ni herufi "b". Vivyo hivyo neno "na" likibanwa huwa "x". Mkono wenye haraka huharibu pasipo kukosea alama hata moja. Kosa lake ni kutokunyamaza mahali pa kunyamaza.

Na alama hizi zilitoka wapi? Samuel Morse wa Marekani alipeleka habari yake mashuhuri kwa waya kutoka Washington mpaka Baltimore tarehe 24 Mei 1844, naye alisaidiwa sana na Alfred Vail. Mwaka 1848 Mjerumani mmoja, Friedrich Gerke, alizirekebisha alama hizo kwa ajili ya waya wa Hamburg, na kutokana na matengenezo yake zikatokea alama za mataifa yote, zilizokubaliwa katika mkutano wa Paris mwaka 1865. Ndizo zilizofika kwetu.

Katika kuzitunga walitumia busara ya kupendeza. Herufi itumikayo mara nyingi walipa alama fupi, na itumikayo mara chache alama ndefu. Kwa hiyo "e" ni nukta moja tu, na "t" ni mstari mmoja tu. Lakini herufi hizo walizipima kwa lugha zao, si kwa lugha yetu. Katika Kiswahili herufi itumikayo kupita zote ni "a", nayo yachukua vipimo vitano, wakati ile "e" ya Waingereza yachukua kimoja. Herufi zetu "k" na "w", ambazo hatuwezi kusema sentensi mbili bila ya kuzitumia, kila moja yachukua vipimo tisa. Linganisheni neno la Kiingereza "the" na neno letu "kwa", ambayo yote mawili yana herufi tatu. La kwanza lapita katika vipimo 17. La pili lahitaji 29. Basi karani aliyepiga simu ya Kiswahili alifanya kazi kubwa zaidi kwa idadi ile ile ya herufi.

Lakini lugha yetu nayo ilikuwa na faida yake. Simu ililipiwa kwa hesabu ya maneno, si ya herufi. Katika kanuni za mkutano wa mataifa uliofanyika St Petersburg mwaka 1875, neno la lugha ya kawaida liliweza kuwa na herufi hata 15 katika nchi za Ulaya, na 10 katika nchi za mbali, nalo likahesabiwa moja. Nasi Kiswahili chetu hufunga mzigo mkubwa katika kamba moja. "Nitakupelekea" ni neno moja lenye herufi 13, na Mwingereza ataka maneno manne au matano kuyasema hayo. Aliyejua kuikata simu yake kwa Kiswahili safi aliokoa fedha yake.

Tuje sasa katika nchi zetu. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, ukitoka Aden na kuendelea kusini, na mwaka 1890 Unguja ikaungwa na Bagamoyo na Dar es Salaam. Toka hapo waya ukaelekea bara, na mahali pengi nguzo za simu zikafuatana na reli kama mtoto amfuatavyo mama. Reli ya kutoka Tabora, iliyopita hapa Shinyanga, ilifika Mwanza mwaka 1928. Katika njia ya reli moja, ambapo garimoshi la kwenda na la kurudi hutumia chuma kile kile, habari za kituo hata kituo si anasa. Karani wa stesheni akielewa vibaya kama njia ni tupu au haiko tupu, watu watakufa.

Hata kabla ya hapo, ziwa letu la Victoria lilikwisha kujua simu ya upepo, yaani isiyo na waya. Wajerumani walijenga mitambo ya namna hiyo Mwanza na Bukoba, na vita vya 1914 vilipoanza, Waingereza waliona mtambo wa Bukoba kuwa jambo la hatari. Mwezi Juni 1915 majeshi yao yalivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, yakashambulia mji na kuuangusha mlingoti ule. Fikirini: meli, askari na mizinga, ili kunyamazisha nukta na mistari.

Na madhara ya habari isiyofika twayajua kwa vita vile vile. Vita vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Lakini Jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa kaskazini ya nchi iitwayo leo Zambia, hakuwa na simu wala mtambo. Habari ilimfikia tarehe 13, tena kwa sababu askari wake walimkamata mjumbe wa Waingereza aliyepita na pikipiki akiwa amechukua barua. Hata siku ile risasi zilikuwa zikilia bado. Alisalimu silaha Abercorn, mji uitwao leo Mbala, tarehe 25 Novemba. Askari na wapagazi wa Kiafrika walioteseka katika siku hizo walipigana vita vilivyokwisha kwisha.

Baadaye ikaja dhahabu. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuona dalili zake Geita tangu mwaka 1894, lakini mgodi mkubwa ulianza kutoa mali katika miaka ya 1930, ukaendelea hata 1966. Sababu moja ya watu kuikimbilia dhahabu siku zile ilikuwa bei. Mwezi Januari 1934 Marekani iliipandisha kutoka dola 20.67 hata dola 35 kwa wakia moja. Bei ya namna hiyo yasafiri duniani kwa simu. Na hesabu katika alama za Morse zina utaratibu wake: kila tarakimu ina alama tano kamili, si zaidi wala si pungufu. Tano ni di di di di di. Nne ni di di di di da. Tofauti yake ni mlio mmoja wa mwisho, mfupi au mrefu. Karani akiushika mkono kidogo mno mwishoni, 35 imekuwa 34, na katika wakia elfu moja dola elfu moja zimetoweka pasipo mwizi. Ndiyo maana ilikuwa desturi ya ofisi za simu kuzirudia tarakimu zote mwishoni mwa habari.

Lakini nisiseme dhahabu tu, maana dhahabu hulindwa na wenyewe. Niseme habari za mtu mdogo. Tuseme kijana wa Shinyanga amekwenda kufanya kazi mgodini akaugua, naye siku nyingi hawezi kutia chakula kinywani. Siku moja apata nafuu, na rafiki yake apeleka simu kwa wazee: MGONJWA AMEKULA. Herufi "l" ni di da di di. Herufi "f" ni di di da di. Kila moja ina nukta tatu na mstari mmoja. Mstari umesogea nafasi moja tu. Karani akiuweka mstari mahali pa alama ya tatu, wazee watasomewa: MGONJWA AMEKUFA. Watu watanyoa nywele, ng'ombe watachinjwa, mke atavuliwa mapambo yake, na aliyeliliwa yuko kitandani aomba uji.

Wala si mfano mmoja. Herufi "b" ni mstari na nukta tatu. "D" ni mstari na nukta mbili. Mkono mvivu unaoacha nukta ya mwisho utamgeuza BABA kuwa DADA. Herufi "s" ni nukta tatu, na "h" ni nukta nne. Nukta moja iliyozidi yafanya SAWA kuwa HAWA. Na shida kubwa ni hii: kosa lililotoa neno lisilo na maana hujulikana mara moja, na karani wa pili ataliuliza. Kosa lililotoa neno lenye maana halijulikani. Lapita likiwa limevaa nguo za ukweli.

Katika jambo hili yafaa tujifunze kwa jirani zetu wa Kongo. Watu wa Lokele, wakaao kando ya mto Kongo karibu na Kisangani, walikuwa na ngoma zilizosema. Ngoma yao ina sauti mbili, ya juu na ya chini, kama vile waya una nukta na mstari, nayo hufuata kupanda na kushuka kwa sauti ya lugha yao. Lakini maneno mengi hupanda na kushuka kwa namna moja. Basi mpigaji hakulitaja neno peke yake. Alilitaja pamoja na sifa zake ndefu, hata msikilizaji asiweze kulichanganya na jingine. Mmisionari John Carrington, aliyeijifunza ngoma hiyo kwa miaka mingi, aliandika habari zake katika kitabu mwaka 1949. Ngoma yajilinda na kosa kwa wingi wa maneno. Simu ya waya haikuweza kufanya hivyo, maana kila neno lilikuwa na bei, na mwenye kulipa alitaka kulikata. Kinga iliyopungua katika maneno ilibidi itoke kwa karani. Yeye ndiye aliyepaswa kuuliza, kurudia na kuhakikisha.

Na kazi yake haikuanza penye ufunguo. Fikirini mama mmoja wa kijijini, asiyejua kusoma, amesimama dirishani. Asema kwa Kisukuma. Karani aandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Kisha apiga nukta na mistari. Karani wa pili aandika tena herufi. Na tarishi aipeleka karatasi kwa mtu ambaye pengine atasomewa na mwingine. Habari moja imepita mikono mitano, na mwenyewe hana njia ya kuikagua hata katika mkono mmoja. Ametoa fedha yake, akatoa na siri ya nyumba yake. Amana gani ipitayo hiyo?

Maana karani wa simu alijua mambo yote ya mji: nani amefilisika, nani amefiwa, nani ahamishwa kazi, mzigo wa nani umezuiwa. Alijua kabla ya mwenyewe kujua. Sheria ilimkataza kuyatangaza, lakini sheria haikai pamoja na mtu jioni penye mazungumzo. Kilichomzuia kusema kilikuwa heshima yake. Kazi hiyo ilikuza watu. Katika Kenya, James Beauttah, aliyekuja kuwa mmoja wa viongozi wa Kikuyu Central Association, alifanya kazi ya simu katika Posta. Na aliyezoea kutunza maneno ya wengine si ajabu akiaminiwa kuyasema maneno ya watu wake.

Siku za simu ya waya zimepita. Melini, alama za Morse ziliacha kuwa lazima tangu 1 Februari 1999. Kampuni ya Western Union ya Marekani ilifunga huduma yake ya simu za maandishi mwaka 2006, na Bara Hindi ikafunga ya kwake mwezi Julai 2013. Leo alama zenyewe zadumishwa na wapenzi wa redio, na vinara vingine vya kuongozea ndege hujitaja bado kwa herufi za Morse. Kijana wa leo haombwi kuzijua.

Lakini nukta, ndugu zangu, haikuondoka, imehama meza. Nendeni katika masoko ya madini, yaliyofunguliwa katika nchi yetu tangu mwaka 2019, Geita ikiwa miongoni mwa ya kwanza. Mchimbaji mdogo ameleta alichotafuta kwa wiki nyingi, nacho kimewekwa juu ya mizani. Karani aandika gramu 12.5, au aandika 1.25. Tarakimu ni zile zile tatu. Nukta imesogea nafasi moja, kama ule mstari wa "kula" na "kufa". Ama tazameni mtu apelekaye fedha kwa simu ya mkononi: tarakimu moja ya namba ikikosewa, ada ya mtoto imekwenda kwa mgeni. Ama jina la marehemu katika karatasi ya mirathi: herufi moja ikipungua, mjane atasafiri toka kijijini mara tatu, akilipa nauli, ili kuthibitisha kwamba mumewe alikuwa mumewe.

Wengine husema, "Mashine itasahihisha." Nasema, mashine hushika neno lisilo na maana, neno la uongo lenye sura ya kweli huliacha lipite, kama waya ulivyoliacha.

Basi nawapendekezeeni mambo manne tuliyorithi kwa makarani wa simu, nayo hayagharimu hata senti. La kwanza, tumsomee mwenye shauri yale tuliyoyaandika kabla hajaondoka dirishani, kwa lugha aielewayo. La pili, tuzirudie tarakimu mara ya pili, mbali na maandishi, kama walivyozirudia wao. La tatu, tusione haya kuuliza tena; aliyeuliza amekawia dakika moja, na asiyeuliza amemkawiza mwenzake mwaka. La nne, tujue mahali pa kunyamaza. Nilisema kwamba kimya ni sehemu ya maneno. Katika alama za Morse kimya hutenga herufi na herufi. Katika kazi yetu hutenga siri ya mtu na masikio ya mji. Karani asiyejua kunyamaza huharibu habari hata akiwa ameiandika sawasawa.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Maana yake ni kwamba mjumbe apewa ulinzi kwa sababu si mwenye maneno. Lakini ulinzi huo una masharti: mjumbe asiyepunguza wala kuzidisha ndiye asiyeuawa. Nasi tukitaka chama chetu kitusemee juu ya mishahara yetu, nyumba zetu na kupandishwa kwetu vyeo, na tuwe na haki ya kusema kwamba katika vitabu vyetu hakuna nukta ya mwananchi iliyopotea.